Mbwa Naye Anataka Sakafu

Mwaka 1960 mwandishi wa Marekani, John Steinbeck, akiwa na miaka 58, alizunguka nchi yake kwa pikapu yenye kijumba cha kulala mgongoni. Alikuwa na mbwa wake, Charley. Kitanda, jiko, meza na mbwa, vyote humo humo. Mpaka leo kule kwao watu wanapiga kambi hivyo, kwenye vitrela vidogo, na picha zao tunazipenda: mbwa kajilaza kwenye blanketi, raha mustarehe. Ila picha haionyeshi nani alisogezwa ili blanketi litandikwe.

Geto letu nje ya chuo ni kitrela kisicho na matairi. Futi kumi kwa kumi, vitanda viwili, meza, jiko la gesi, ndoo tatu. Muhula uliopita nikaleta mbwa. Jamani, nilimwonea huruma tu, alikuwa analala mtaroni.

Nilimtandikia boksi katikati ya vitanda. Pale pale rumeti wangu huwa anatandika mswala. Siku nne hakusema kitu, akawa anaswali chumba cha jirani. Ya tano akaniuliza, "Mwenzangu, kwani mimi kodi silipi?"

Sikuwa na jibu. Kwake yeye tatizo si nafasi tu. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mimi huruma yangu nilikuwa nailipia kwa sakafu yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mbwa akiingia kwenye chumba kidogo, lazima kitu kitoke, na kitoke kwa aliyemleta. Mambo ya "tutabanana tu" ni kumbebesha mwenzio mzigo kwa tabasamu. Meza yangu nimeiuza. Kitanda changu nimekiinua kwa matofali mpaka mbwa akaweza kusimama chini yake bila kugonga kichwa, kugeuka, na kulala amenyoosha miguu. Mabegi yaliyokuwa mvunguni sasa yako miguuni kwangu. Maandalio ya somo naandikia magotini, na mwandiko unaonekana kabisa.

Mchana simfungii ndani. Bati la saa saba mnalijua, na mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipooza kwa kuhema. Chumba kilichofungwa kinaweza kumuua, sawa na kitrela kilichoegeshwa juani. Mwenye nyumba ameruhusu akae chini ya mwembe. Boom lilipoingia nilimpeleka kwanza kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, inayorudiwa kila mwaka, maana ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, hata kwa binadamu, ni kifo.

Kuna wanaoniambia mbwa ni mlinzi, laptop hazitaibiwa. Sawa, ila huyu wangu anamkaribisha kila mtu.

Kilichobaki ni mafunzo kwa vitendo. Nitakuwa mkoani wiki kadhaa, na mbwa siwezi kwenda naye shuleni. Sikuthubutu kumwomba rumeti. Juzi kaanza mwenyewe: atamwekea chakula nje, bakuli liwe jekundu lisichanganywe na vyombo, na ndani hamwingizi. Bakuli nimeshanunua. Kibanda cha chini ya mwembe ndiyo kwanza natafuta mbao.