Linux: Je, programu ambayo haijakamilika inafaa kuwekwa kwenye ghala la majaribio?

Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft na mmoja wa wasanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitoa taarifa iliyowashtua wasimamizi wa seva kote duniani. Ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, kulikuwa na mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi. Freund hakuwa akiwasaka wadukuzi. Alikuwa akifanya vipimo kwenye kompyuta yenye programu za Debian ambazo bado hazijaingia katika toleo rasmi, akaona kwamba kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde.

Kisa hicho kinasaidia kujibu swali ambalo jamii ya programu huria imelijadili kwa miaka mingi: ghala la majaribio ni mahali pa kuweka programu ambayo hata waliyoiandika wanakiri kuwa haijakamilika, au ni mahali pa kuhakiki ile inayoaminika kuwa tayari?

Maghala manne ya Debian

Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo endeshi. Mtumiaji hukipata kikiwa kimefungashwa pamoja na maelfu ya programu nyingine, na mkusanyiko huo ndio huitwa distro. Debian ni miongoni mwa distro kongwe, na Ubuntu imejengwa juu yake.

Debian hugawa programu zake katika maghala manne. La kwanza ni thabiti, ambalo wengi hulitumia kwenye seva. La pili ni la majaribio, ambamo toleo lijalo huandaliwa. La tatu, liitwalo Sid, hupokea vifurushi vipya kila siku. La nne, Experimental, ni karakana ya kazi ambazo bado hazijaiva.

Kifurushi hakihamishwi kutoka Sid kwenda ghala la majaribio kwa matakwa ya mtu mmoja. Kwa kawaida husubiri kati ya siku 2 na 10, kutegemea uharaka wake. Kikigundulika kuwa na kasoro kubwa mpya, huzuiwa. Kikishaingia kisha kasoro kubwa ikabaki bila kurekebishwa, huweza kuondolewa. Utaratibu huu una shabaha moja, nayo ni kwamba kilichomo ndani ya ghala la majaribio kiwe kinaweza kuingia katika toleo lijalo.

Hoja ya wanaotaka milango ifunguliwe

Wapo wanaosema kwamba programu haiwezi kukamilika bila watumiaji. Msanidi mmoja hana kila aina ya kompyuta, printa au kadi ya picha. Kasoro nyingi huonekana tu pale watu wengi wanapoitumia kwa kazi zao za kawaida. Ukiifungia karakanani, wanasema, wataijaribu wachache, na kasoro zilezile zitajitokeza baadaye mikononi mwa watu wengi zaidi.

Hoja hiyo ina uzito. Pia ni kweli kwamba neno "haijakamilika" linaweza kupotosha. Inkscape, programu ya kuchora iliyoanza mwaka 2003, ilifikia toleo namba 1.0 Mei 2020. Kwa miaka yote hiyo namba yake ilikuwa chini ya moja, ilhali wachoraji waliitegemea. Kwa hiyo namba ya toleo peke yake si kipimo.

Funzo la KDE

Lakini kuna upande wa pili. Januari 2008 mradi wa KDE ulitoa toleo la 4.0 la mazingira yake ya kompyuta ya mezani. Wasanidi wake walieleza kuwa lililenga zaidi wasanidi wenzao na watu wanaopenda kujaribu vitu vipya mapema. Hata hivyo, Mei mwaka huohuo Fedora 9 ilitoka ikiwa na KDE 4. Watumiaji waliozoea toleo la 3 walikuta mambo mengi hayapo au hayafanyi kazi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa miongoni mwa walioiacha KDE wakati huo na kuhamia GNOME.

Tatizo halikuwa kuandika programu mpya. Lilikuwa kuiweka mbele ya watu ambao hawakuomba kuwa wajaribu.

Kelele na ishara

Hapa ndipo kisa cha xz kina jambo la kutufundisha. Programu hiyo haikuja ikiwa na alama ya kazi isiyokamilika. Toleo 5.6.0 la Februari 2024 lilitangazwa kuwa la kawaida, na likafika hadi ghala la majaribio la Debian. Kanuni ya kuzuia programu zisizokamilika isingelizuia. Kilichosaidia ni mtu aliyejua jinsi mashine yake inavyopaswa kwenda, akashangaa ilipobadilika. Ghala thabiti la Debian halikuathirika.

Ghala la majaribio lina faida kwa kuwa hufichua kasoro ambazo hakuna aliyezijua. Likijazwa kasoro ambazo mwandishi wake anazijua tayari, wajaribu huzoea uharibifu. Anayekutana na hitilafu kumi kila asubuhi hatasimama kuchunguza nusu sekunde, na taarifa anazotuma zitarudia yale ambayo msanidi tayari anayo kwenye orodha yake. Wajaribu hawa wengi hujitolea bila malipo, na uvumilivu wao una kikomo.

Kwa hiyo kipimo cha haki ni swali analopaswa kujiuliza anayeweka kifurushi: je, toleo rasmi likitoka kesho, niko tayari kiingie kama kilivyo? Jibu likiwa ndiyo, namba ya toleo isimzuie. Likiwa hapana, karakana ipo, na anayetaka kujaribu anaweza kuingia huko kwa hiari yake, akijua anachokifuata.

Debian 13 ilitoka Agosti 9, 2025, na ghala la majaribio likaanza kupokea vifurushi vya toleo lijalo, Forky. Anayesimamia seva ya ofisi au chuo ni salama zaidi kubaki kwenye ghala thabiti. Anayechagua la majaribio akumbuke kwamba mchango wake ni kutoa taarifa kila anapoona jambo lisilo la kawaida, hata likiwa dogo.