MWALIMU ASOMESHWE, LAKINI SI KWA MFUKO WAKE



Neno letu safari hii ni juu ya walimu wa Kisii na Nyamira, lakini mfanyakazi wa majani chai, wa hospitali au wa karakana asifunue ukurasa mwingine akidhani kwamba halimhusu. Mtoto anayefundishwa ni wake. Tena jambo linalobishaniwa ni lile lile la kila kazi: mwajiri akitaka mfanyakazi aongeze ujuzi, gharama ni ya nani?

Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu ya mwaka 2012 yaagiza kwamba kila mwalimu aliyeandikishwa aendelee kujifunza akiwa kazini. Jambo hilo hatulipingi hata kidogo. Seremala asiyenoa randa yake huharibu mbao za watu. Lakini mpango wa mafunzo ulipotangazwa Septemba 2021, mwalimu aliambiwa apitie hatua 6, kila hatua miaka 5, naye alipe shilingi 6,000 kila mwaka. Na vyuo 4 tu ndivyo vilivyochaguliwa kufundisha. Twaeni kalamu mpige hesabu. Miaka 30 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 180,000. Ni kazi gani nyingine ambayo mtu hununua mwenyewe jembe la shamba la tajiri?

Hiyo ni habari ya fedha. Ya pili ni kubwa zaidi: mafunzo yenyewe yatamfundisha mwalimu nini?

Tangu mwaka 2016 Serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi. Mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi ukaanza nchini kote, nao wataka mwalimu wa madarasa ya chini atumie lugha ya mahali na vitu vilivyo karibu na mtoto. Kwa hivyo mwalimu yule yule ameagizwa ashike mtambo mpya kwa mkono mmoja na mila za wazee kwa mkono wa pili. Wengine husema kwamba vitu hivyo viwili havipatani. Sisi twasema vyapatana, mradi mwalimu apewe nafasi ya kuvipatanisha.

Tazameni hesabu. Katika Ekegusii tano ni isano. Sita ni isano na emo, yaani tano na moja; saba ni isano na ibere; nane ni isano na isato. Mtoto wa Nyamira anayejua kuhesabu kwa lugha ya mama yake amekwisha kujumlisha kabla ya kuingia darasani, wala hajui kwamba amejumlisha. Mwalimu aliyefunzwa vema ataanzia hapo, kisha atawasha kishikwambi na kuwaonyesha watoto jambo hilo kwa picha. Mwalimu asiyefunzwa atawasha mtambo tu, na watoto watatazama rangi.

Tazameni Tabaka, mahali ambapo jiwe laini la Kisii huchongwa na kupelekwa nchi za mbali. Mchongaji hugawanya jiwe nusu na robo kwa jicho, naye hujua duara bila kifaa cha darasani. Watoto wakipiga picha kila hatua ya kazi yake, wakaieleza kwa Ekegusii, kisha kwa Kiswahili na Kiingereza, hapo watakuwa wamepata hesabu, lugha na kazi ya mikono kwa somo moja. Vivyo hivyo na obokano, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi 8. Sauti yake ikinaswa kwa simu, yaweza kufundisha kwa nini uzi huu hutoa sauti nzito na ule sauti nyembamba.

Lakini tusidanganyane kwamba kila kitu cha kale kinafaa kuingizwa darasani. Kukeketa wasichana kulitetewa kwetu kwa jina la mila, na sheria ya mwaka 2011 imekataza. Mwalimu hana budi kuchagua, na kuchagua ni kazi inayotaka elimu na ushauri wa wenzake. Hiyo ndiyo sababu mafunzo ya kusoma peke yako na kutia sahihi fomu hayatoshi.

Njia tunayo, wala si ngeni. Mwaka 1998 mpango wa SMASSE wa masomo ya sayansi na hesabu ulipoanza kwa msaada wa Japani, Kisii na Gucha zilikuwa katika wilaya 9 za kwanza. Wakufunzi wa wilaya walikuwa walimu wenyewe, na fundisho lake kubwa lilikuwa kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyopo. Nchi ya jirani, Tanzania, ina mpango wa MEWAKA ambamo walimu hujifunza pamoja shuleni mwao. Na kabla ya hayo yote wazee wetu walikuwa na egesangio: majirani wachache hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, mpaka kila mmoja amelimiwa. Walimu wa shule tatu au nne zilizo karibu wanaweza kufanya egesangio ya masomo, leo kwa huyu anayejua mtambo, kesho kwa yule anayejua hadithi na vitendawili.

Ila mwajiri asije akasema, "Vema, basi wanajisaidia." Egesangio si kisingizio cha kutolipa. Kwa hivyo twadai haya:

1. Mafunzo yanayolazimishwa yalipiwe na mwajiri, nayo yafanywe katika saa za kazi.

2. Mikutano ya walimu shuleni na katika tarafa ihesabiwe kuwa mafunzo halali wakati wa kupandishwa cheo.

3. Mchongaji, mpiga obokano au mzee anayeitwa kufundisha alipwe. Ujuzi wake ni kazi kama kazi nyingine.

4. Kila shule yenye vishikwambi ipewe fedha za umeme na za kutengeneza vilivyoharibika. Mtambo uliofungiwa kabatini haufundishi mtu.

5. Somo alilolitunga mwalimu libaki na jina lake, lisichukuliwe na kuuzwa bila yeye kujua.

Katiba ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 11 kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa, na katika kifungu cha 41 kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kutendewa haki kazini. Vifungu hivyo viwili vyakutana kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kila tawi lijadili madai haya katika mkutano wake, na wazazi waalikwe, maana wao nao ni wafanyakazi.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI