Kabla Hujatuma Pesa ya Dawa ya Kichina

Simu inapigwa kutoka Kimilili au Kiminini. Magoti ya mama yameanza tena. Kuna mtu pale Kitale ana dawa ya Kichina, na watu wanasema inafanya kazi. Ni elfu tatu tu. Kijana aliye Nairobi anatuma M-Pesa, anaongeza na ya kutolea, kisha anarudi kazini akijiona mtoto mwema. Huyo kijana ndiye ninayetaka kugombana naye leo.

Sigombani na Uchina. Wanaocheka tiba za Kichina kama uganga wa gizani wanasahau dawa ya malaria wanayopewa zahanati. Artemisinini inayotumika kuitengeneza ilipatikana na Tu Youyou na wenzake kwenye mmea ambao Wachina waliutumia karne nyingi, na mwaka 2015 akapewa Nobeli. Lakini angalia alivyofanya kazi: alitoa kiini cha mmea, kikapimwa, kipimo cha kumeza kikajulikana. Kuheshimu mila hakukumzuia kuuliza maswali.

Sindano zenyewe, yaani akupancha, nazo zimeulizwa maswali. Mwaka 2006 Wajerumani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye maumivu sugu ya goti. Waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Ila kulikuwa na kundi la tatu, waliochomwa juujuu tu, mahali ambapo mafunzo ya Kichina hayaelekezi. Hao nao walipata nafuu karibu sawa! Mwaka 2022 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ikashauri wenye viungo vilivyolika wasipewe akupancha.

Mimi nasoma hivi: sehemu kubwa ya nafuu inatokana na kulazwa kitandani, kuguswa, na kusikilizwa. Na hiyo si kitu kidogo, bana. Kukhu wangu wa Bungoma alipanga foleni hospitalini tangu alfajiri, akaonwa dakika tano. "Mama, hiyo ni uzee tu." Akapewa diklofenaki, akaenda. Mwenye sindano alimuuliza analalaje, amepalilia mahindi miaka mingapi, goti gani lilitangulia. Kwani unashangaa akirudi huko?

Kwa hivyo mtu aliyesomea kazi yake, anayefungua sindano mpya mbele ya mgonjwa, sina neno naye. Vita yangu ni na kile kinachouzwa kando ya sindano: kijipakiti chenye maandishi ambayo hakuna mtu nyumbani anaweza kuyasoma, au chupa isiyo na maandishi kabisa. Goti lililouma miaka kumi likinyamaza kwa siku mbili, usipige vigelegele. Shuku steroidi.

Mchezo huu unajulikana. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu kuhusu Artri King, vidonge vilivyouzwa kama lishe ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, na lebo haikutaja hata moja. Hiyo wala haikuwa dawa ya Kichina. Udanganyifu hauna kabila. Deksamethasoni ni dawa halali mikononi mwa daktari. Ikimezwa kwa miezi bila mtu kujua, inapandisha sukari na presha, inavimbisha uso, inadhoofisha mifupa. Mama anadhani amenenepa kwa sababu amepona.

Na usiniambie "ni miti shamba tu, haina madhara." Miaka ya tisini mjini Brussels, wanawake walipewa mitishamba ya Kichina ya kupunguza mwili. Palipopaswa kuwa na fangji, mmea ambao Wachina huutumia pia kwa maumivu ya viungo, paliingia aristolokia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa na figo. Huko ni Ubelgiji, penye maabara kila mtaa. Sasa fikiria kibanda cha stendi.

Serikali nayo isijifiche. Sheria ya Afya ya 2017 inasema Bunge litaunda chombo cha kusimamia tiba za asili na tiba mbadala. Nenda Kitale, nenda Bungoma, nenda soko la Chwele, uwaulize wauzaji ni nani aliwahi kuja kukagua bidhaa zao. Sheria ya karatasi haimlindi mama wa mtu.

Lakini Bunge halikutuma ile elfu tatu. Wewe ndiye uliyetuma. Basi kabla ya kutuma nyingine, omba picha ya pakiti. Kama haisemi kilichomo, nani ametengeneza na wapi, usitume hata shilingi. Hela hiyo imlipie mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe mazoezi ya kuimarisha mapaja, kwa maana mazoezi ndiyo miongozo inayotanguliza. Inayobaki imlipe kibarua wa kushika jembe msimu huu. Na kama tayari amemeza vidonge hivyo kwa miezi, asiviache ghafla, maana mwili uliozoea steroidi unaweza kuzimika. Avibebe, pakiti na yote, ampelekee daktari.

Halafu mpigie simu, umuulize goti gani lilitangulia. Hilo swali wewe pia unaweza kuuliza, na ni bure.