Rekodi za Ndani Ni za Grinhausi? Februari Inakuja Tena na Sisi Bado Tutaziangalia kwa Simu

Kama unaishi Vasha, unajua Februari haina usingizi. Wasee wa shamba za maua wanapiga ovataimu, malori yanapanda usiku kuelekea JKIA, ju huko Ulaya kila mtu anataka rosi ya Valentine.

Sasa cheki kitu. Wiki hiyo hiyo ya Valentine, mwaka wa 2025, rekodi za dunia za mbio za ndani zilianguka kama maembe. Jumamosi tarehe 8 huko New York, Mmarekani Grant Fisher alikimbia mita 3000 kwa 7:22.91. Siku hiyo na hapo hapo, mwenzake Yared Nuguse akavunja rekodi ya maili moja kwa 3:46.63. Hakuifurahia sana. Tarehe 13, Jakob Ingebrigtsen wa Norway alienda Liévin, Ufaransa, akaiosha kwa 3:45.14. Tarehe 14, Fisher tena, Boston, mita 5000 kwa 12:44.09.

Siku saba tu. Na kwa hao wote hakuna Mkenya.

Kwa kibanda cha chai stori ilikuwa moja: "Hizo taimu si za kweli. Ni kama rosi za grinhausi, hakuna upepo, hakuna mvua. Waje nje tuone." Mimi pia nilisema hivyo. Halafu nikakaa chini na kalkuleta ya simu, na nikajipata niko wrong. Si kabisa, lakini wrong ya kutosha.

Ndani ni tofauti aje?

Uwanja wa nje raundi ni mita 400. Wa ndani ni mita 200. Kwa hivyo mita 5000 nje ni raundi 12 na nusu, ndani ni raundi 25. Kona ni mara mbili, na ni kali zaidi, ndiyo maana wanaziinua upande mmoja, vile barabara ya lami inalala kwa kona ndiyo gari isiruke.

Ndani pia hakuna nafasi. Ukitaka kumpita mtu lazima utoke leni ya kwanza. Hesabu ni hii: ukikimbia mita moja nje ya laini kwa raundi nzima, umeongeza kama mita 6. Hiyo ni sawa kwa uwanja wowote, mkubwa ama mdogo, lakini ndani raundi ni mara mbili, so ukilala leni ya pili unaumia mara mbili.

Upande ule mwingine, ndani hakuna upepo, hakuna jua, na joto halibadiliki. Ukiongeza watu wa kuweka kasi na taa za pembeni zinazokimbia na wewe, unapata mbio safi.

Tuweke namba mezani

Rekodi ya nje ya mita 3000 ni 7:17.55, ya Ingebrigtsen, 2024. Ya ndani ni hiyo 7:22.91. Tofauti ni sekunde 5.36. Igawe kwa raundi 15 za ndani: kama theluthi moja ya sekunde kwa raundi.

Mita 5000 nje ni 12:35.36, ya Joshua Cheptegei wa Uganda, Monaco 2020. Ndani 12:44.09. Tofauti sekunde 8.73. Gawa kwa raundi 25: tena theluthi ya sekunde. Maili moja nje ni 3:43.13 ya Hicham El Guerrouj, 1999. Tofauti na ndani ni sekunde 2 tu, robo sekunde kwa raundi.

Kwa hivyo mtu anaweza sema ushuru wa ndani ni theluthi ya sekunde kwa kila mita 200. Tamu sana. Lakini ngoja.

Cheki wanawake. Beatrice Chebet wetu alikimbia mita 5000 nje kwa 13:58.06 Julai 2025, huko Eugene. Rekodi ya ndani ni 14:18.86 ya Genzebe Dibaba wa Ethiopia, Stockholm 2015. Hiyo ni tofauti ya sekunde 20! Kona zimekuwa kali zaidi kwa wanawake? Hapana. Dibaba mwenyewe, mwaka huo huo wa 2015, alikimbia nje 14:15.41. Mwanamke mmoja, mwaka mmoja, tofauti sekunde 3 na nusu. Zile zingine zote si za uwanja. Ni za nani alikuja na nani hakuja.

Na Fisher? Kabla ya usiku ule wa Boston, taimu yake bora ya nje ilikuwa 12:46.96, aliyokimbia Brussels 2022. Yaani huyu jamaa alikuwa na kasi zaidi ndani kuliko nje. Hapo nadharia ya grinhausi inaanguka. Uwanja hauna zawadi ya bure. Unaondoa upepo na unakuongezea kona, ukimaliza hesabu karibu zinatoshana. Hata Daniel Komen wetu, bila taa na bila spaiki za kisasa, alikimbia ndani 7:24.90 huko Budapest 1998, na rekodi hiyo ilikaa miaka 25. Hakuna mtu Kenya aliita hiyo taimu feki.

Sasa ngori yenyewe iko wapi?

Ngori ni kwamba hizi taimu zinahesabiwa. Kuingia mita 5000 ya Tokyo 2025 kwa muda wa kufuzu, mwanaume alihitaji 13:01.00, na taimu ya ndani ilikubaliwa. Kwa mbio ile ile ya Fisher, Mfaransa Jimmy Gressier alikimbia 12:54.92. Februari tu, na tayari amefuzu. Msimu mzima ulibaki wa kujipanga. Septemba huko Tokyo akachukua dhahabu ya mita 10,000 na shaba ya 5000. Wanaume wetu kwa 5000 walirudi bila medali, na dhahabu yetu ya mwisho ya dunia kwa mbio hizo ni ya Benjamin Limo, 2005.

Usinipate vibaya. Chebet alishinda 5000 na 10,000 Tokyo, Emmanuel Wanyonyi akashinda 800, na Kenya haina hata uwanja mmoja wa ndani wa mita 200. Staa hahitaji hiyo. Atalipiwa ndege na ajenti atamtafutia mbio.

Mwenye anaumia ni yule wa chini. Kuna boy wa mtaa wetu hapa Naivasha anatafuta skolashipu ya Marekani. Anakimbia kwa uwanja wa vumbi, karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa nyepesi, na mtu anashika saa kwa mkono. Alituma taimu yake ya 5000 kwa ajenti mmoja. Jibu: vijana wa chuo huko walikimbia haraka kuliko hiyo Februari. Stori ikaisha. Hakuna mtu alimuuliza alikimbilia wapi. Mimi chuo niliacha nikiwa katikati, so najua mlango ukifungwa sauti yake iko aje.

Cha kuchekesha ni kwamba Wamarekani wenyewe wanajua hii kitu. Vyuo vyao, wakipanga taimu za ndani, huwa wanarekebisha hesabu kwa aliyekimbia mahali pa juu ama uwanja usioinuliwa. World Athletics haikupunguzii hata sekunde ju ya milima.

Na si lazima tujenge jumba la mabilioni. Tangu Novemba 2023, World Athletics iliacha kuziita mbio za ndani, sasa ni za uwanja mfupi, na uwanja wa mita 200 unaofuata kanuni unakubalika hata bila paa. Mmoja Mombasa, chini kwa bahari, mbio zikianza usiku joto likishuka. Boy wa Vasha anapanda basi, anakimbia, anapata taimu yenye karatasi. Fare ya Mombasa anaweza changiwa na mtaa. Tiketi ya Boston, nani atamchangia?

So Februari ikifika na simu ianze kulia rekodi, usiseme ni za grinhausi. Sisi wa Naivasha tunajua vizuri: rosi ya grinhausi ni rosi ya ukweli, na ndiyo inapanda ndege. Swali ni kwa nini kijana wa hapa anaifungasha tu, anaisindikiza mpaka kwa lori, halafu anabaki.