Kiraka cha Mistari Sita

Maneno "ni kitu kidogo tu" yameharibu kazi nyingi katika nchi yetu kuliko uvivu. Karani anatia saini karatasi asiyoisoma kwa kuwa ni ukurasa mmoja. Mwalimu anapitisha mtihani uliotungwa na mwenzake bila kujaribu kuujibu mwenyewe, kwa kuwa mwenzake ni mzoefu. Sasa ugonjwa huo umewafikia vijana wetu wanaotengeneza programu za kompyuta, na huko ndiko ninakotaka kuupiga vita. Najua wapo watakaouliza mzee wa miaka sabini na kitu, mstaafu wa chuo cha ualimu anayeishi Kyela kwenye mpunga na kakao, anatafuta nini humo.

Ndugu msomaji, zipo programu zinazoitwa huria. Msimbo wake, yaani maandishi ambayo kompyuta huyafuata, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Simu za Android zimejengwa juu ya Linux, ambayo ni huria. Takwimu za zahanati zetu hukusanywa kwa DHIS2, mfumo huria ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

Miongoni mwa programu hizo vimo vyombo vya kufuatilia. Kimojawapo ni strace, kilichoandikwa na Paul Kranenburg mwaka 1991 kwa kompyuta za Sun, kisha kikahamishiwa Linux. Kazi yake ni kusikiliza mazungumzo ya programu na kiini cha mfumo na kuyaandika yote: imeomba kufungua faili gani, imejibiwa nini, imekataliwa kwa sababu gani. Programu inapokwama bila kujieleza, fundi huanzia hapo. Chombo hicho basi ni mizani, na mizani ikidanganya, hesabu zote zinazofuata ni za uongo hata kama mwenye kuzikokotoa ni mwaminifu.

Hapa kwetu mkulima wa kakao mwenye akili zake hakubali mizani iliyofunguliwa na kurekebishwa usiku ipime magunia yake asubuhi kwa neno la fundi tu. Atauliza kama Wakala wa Vipimo wameiona. Anapouliza hivyo hamtukani fundi.

Mjukuu wangu mmoja anasoma kompyuta Mbeya. Alipokuja likizo alikuwa ameombwa kukagua kiraka cha chombo cha jamii hiyo. Kiraka ni maandishi ya marekebisho: mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na unaoongezwa hutanguliwa na alama ya kujumlisha. Mwalimu yeyote wa hesabu angeyazoea kwa dakika tano. Kilikuwa na mistari sita. Hitilafu yenyewe ilikuwa ya kweli: programu inayofuatiliwa ikifa ghafla, chombo kilipata jibu la kosa nacho kikaacha kazi yote. Mwandishi wa kiraka alikuwa ameitibu kwa kuamuru kwamba kosa lolote litakalotokea mahali hapo lipuuzwe.

"Babu, huyu ana miaka mingi katika kazi hii," mjukuu akasema. "Nami nimekijaribu, kinafanya kazi. Naandika kwamba ni sawa."

Nikamwuliza ni kosa gani lililokusudiwa. Akasema, lile la kwamba programu haipo tena. Na mengine je, kama kunyimwa ruhusa? Akanyamaza, kisha akasema nayo yatapuuzwa. Maana yake chombo kitakaa kimya, na fundi atadhani hakuna kilichotokea! Kuandika "sawa" mahali kama pale ni kutoa ushahidi wa uongo, na umri wa mwandishi haubadilishi jambo. Kijana aliandika kwa adabu akiomba lipuuzwe lile kosa moja tu, tena kiraka kiambatane na jaribio la kuthibitisha.

Msidhani nakuza mambo. Mwaka 2006 mmoja wa watunzaji wa Debian, ambayo ni aina ya Linux, aliona malalamiko ya Valgrind, chombo kinachochunguza namna programu inavyotumia kumbukumbu. Ili kuyanyamazisha akaondoa mistari michache katika OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri. Alikuwa ameuliza hadharani kabla, na hakuna aliyemzuia. Tangu hapo funguo zilitegemea namba ya mchakato peke yake, nayo haikuwa na zaidi ya nafasi 32,768. Mwizi angeweza kuzijaribu zote. Jambo hilo lilitangazwa Mei 2008, baada ya Luciano Bello kuligundua. Karibu miaka miwili milango ilikuwa wazi, na wenye nyumba wakidhani wamefunga.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi unachelewesha. Ndiyo, unachelewesha. Wengine wanasema wakaguzi hugombania nafasi kati ya maneno na kuacha hitilafu ipite. Hao wana haki. Niliwafahamu wakaguzi wa shule wa namna hiyo, waliopima pambizo za andalio la somo kwa rula wasiuone uongo uliokuwa ubaoni. Lakini dawa ya mkaguzi mbovu ni kumfundisha kukagua.

Na hapo ndipo nawalaumu wenzangu walimu. Tunamlea mtoto miaka kumi na mitano akijua kwamba kumwuliza mkubwa ni utovu wa adabu, halafu tunashangaa akifika kwenye msimbo wa mtu mzoefu anaandika "sawa." Vyuo vinampa alama kwa programu aliyoiandika, wala havimpi hata moja kwa kosa alilolikamata katika programu ya mwingine. Wampe mwanafunzi kiraka chenye kasoro iliyofichwa, kikiwa na jina la profesa juu yake, na saa mbili za kukikataa kwa hoja. Wakikosa msimamizi wa chumba cha mtihani, mimi nipo, nauli nitajilipia.