Kupenda na Kuwinda

Wako watu wasemao kwamba aliyekubali kuwa mashuhuri amejitoa kwa umma kama bidhaa dukani, wala hana haki ya kulalamika akifuatwa njiani, akisumbuliwa kwa simu usiku, au akigongewa mlango na mtu asiyemjua. Neno hili husikika kwa vijana wa Lodwar na Kakuma kama kwingineko. Ni neno la uongo, na lafaa kupingwa.

Iko senema moja ya kuchekesha na kuogofya, The King of Comedy, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1983. Robert De Niro aigiza mtu aitwaye Rupert Pupkin, asiye na sifa wala kazi ya maana, ambaye amvizia mchekeshaji mkuu wa televisheni. Aingia nyumbani kwake bila kualikwa, akataliwa, basi amteka nyara kwa bastola ya bandia ili apewe nafasi ya kuonekana. Afungwa, naye atokapo gerezani apokewa kwa makofi. Watazamaji wengi humcheka Pupkin. Lakini senema yatucheka sisi, kwa kuwa makofi yale ni yetu.

Atasema mtu, "Huo ni mzaha tu." Mwaka 1989 Rebecca Schaeffer, mwigizaji wa miaka 21, aliuawa kwa risasi mlangoni pake mjini Los Angeles na kijana aliyejiita mpenzi wa kazi yake. Kijana yule alikuwa amemwandama kwa muda wa miaka, akaipata anwani yake kwa msaada wa mpelelezi wa kukodiwa. Mwaka uliofuata jimbo la California lilitunga sheria ya kwanza nchini humo dhidi ya kunyemelea watu. Mzaha ulikuwa umekwisha zamani. Sheria ilikuja baada ya kaburi.

Turkana nayo ina nyota zake. Ajuma Nasenyana, mwanamitindo, ni mzaliwa wa Lodwar. Awer Mabil, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, alikuwa katika timu ya Australia kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2022. Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia kambini humo, aliibeba bendera ya timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Twajivunia watu hawa, na ni haki yetu. Lakini fahari si hati ya kumiliki. Aliyetupa mbio zake hakutupa ufunguo wa nyumba yake.

Wala jambo hili haliwahusu mashuhuri peke yao. Msichana afuatwaye kila siku kutoka kisimani hadi lango la shule, huku wenzake mfuasi wakicheka, hana jina magazetini. Hofu yake ni ile ile. Mfuasi hujitetea kwa methali: mvumilivu hula mbivu. Methali yasema juu ya tunda, na binadamu si tunda. Tunda halina ulimi wa kusema "sitaki". Msichana anao, naye amekwisha sema.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 juu ya ukatili wa nyumbani imeuhesabu unyemeleaji kuwa ukatili, na ile ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta imefanya udhia wa mitandaoni kuwa kosa la jinai. Hata hivyo hakimu yuko mbali, na kicheko ki karibu. Pupkin hulelewa na wachekao.

Basi, kijana, ukimpenda mtu kwa kipaji chake, msifu, kisha mwache apite. Na mwenzako akimwandama mtu asiyemtaka, usicheke wala usinyamaze: mwambie kwamba apendaye humtakia mwenziwe amani, na awindaye hutaka windo.