Stani Kuukuu: Tusinunue Risasi kwa Bei ya Stani



Huku Carama, kaskazini mwa Bujumbura, wako wenzetu ambao wakitoka kazini jioni huwasha makaa uani. Huyeyusha vikombe, sahani na vijiko vya zamani, wakasubu bizimu za mikanda, sanamu ndogo na medali za timu za mtaa. Wengine hupata faranga kidogo, wengine wanaipenda tu kazi ya kalibu. Hatuwalaumu hata kidogo. Mtu aliyeshinda kutwa akibeba magunia ya tajiri ana haki ya kutengeneza jioni kitu kimoja kilicho chake.

Tunachokataa ni kudhulumiwa penye mizani, tena kwa dhuluma inayoingia mpaka katika damu ya watoto.

Tuanze na jina, maana udanganyifu huanzia hapo. Tukisema stani hatusemi bati la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Stani ni madini meupe, laini, yanayoyeyuka kwa nyuzi 232 tu, na ndiyo sababu jiko la makaa linatosha. Vyombo vya Ulaya vya aina hii havikutengenezwa kwa stani tupu. Vizuri vyake vina stani nyingi, na antimoni na shaba kidogo ya kuvitia ugumu. Vingi vya zamani vilichanganywa na risasi, kwani risasi ni rahisi. Kwa Kifaransa, stani na mchanganyiko huo vyote huitwa kwa jina moja, étain. Basi muuzaji akikwambia "ni étain" hajasema uongo, wala hajakwambia kitu.

Halafu anapima kwa kilo. Lita moja ya stani ina uzito wa kilo 7.3, lita moja ya risasi inapita kilo 11. Kwa hiyo chombo kibaya ndicho kizito, na kizito ndicho ghali! Na katika soko la dunia, miaka hii ya karibuni, kilo ya stani imekuwa ikiuzwa zaidi ya mara kumi ya kilo ya risasi. Mfanyakazi analipa bei ya stani, anabeba risasi nyumbani, na kumshukuru aliyemuuzia.

Hasara ya fedha tungeweza kuivumilia, tumezoea. Risasi haivumiliki. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo huifyonza mara nne au tano kuliko mtu mzima, nayo humharibu ubongo wakati bado unakua. Wengi hudhani hatari ni moshi peke yake, hivyo husimama upande unakotoka upepo na kuona wamepona. Yatazameni yale mavi yanayoenguliwa juu ya sufuria. Yakipoa huwa vumbi la kijivu, na vumbi hilo humwagwa pale pale uani, kuku wakapekua, mtoto akachezea, kisha akatia kidole mdomoni. Jingine linaingia ndani na shati la baba.

Asemaye tunatishia watu aangalie Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Pale palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu, kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alifanya kazi ndani yake, na mwanawe mchanga akaonekana ana risasi katika damu. Alipigana pamoja na majirani zake, na Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikafuata, miaka ikapita. Kile kilikuwa kiwanda, chenye mwenyewe wa kushitakiwa. Uani kwetu tutamshitaki nani?

Wapo viongozi wenzetu wanaosema chama hakihusiki, kwamba kazi ya chama inakwisha penye lango la kiwanda. Hatukubaliani nao. Mapafu ni yale yale, na anayeyeyusha usiku kwa kuwa mshahara haukufika mwisho wa mwezi bado ni mwanachama wetu. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, wala halikusema mfanyakazi ni yule wa ndani ya lango tu. Wengine wanataka polisi wapige marufuku. Hapo jiko litahama uani na kuingia chumbani walalamo watoto.

Sisi tunataka chama kinunue mizani ndogo na chupa ya kupimia, viwekwe ofisini kwa kila mwanachama. Pima kikombe kwa gramu, kizamishe katika maji yaliyojaa hadi ukingoni, upime yaliyomwagika kwa mililita, kisha gawanya. Gramu 730 zikimwaga mililita 100, hiyo ni 7.3, karibu na stani. Ukipata 8 au 9, risasi imo, mrudishie mwenyewe. Lehemu kuukuu na bamba za betri hazihitaji kupimwa, zikatae tu.

Wanunuzi na wauzaji wa vyuma chakavu tunawadai watenge bei ya risasi na bei ya stani, na waandike kwenye stakabadhi walichouza. Na ninyi mnaosubu, msitengeneze kijiko, kikombe wala chombo cha chakula kwa madini msiyoyajua asili yake. Badilisheni nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mavi yatiwe katika kopo lenye kifuniko. Masika haya, kausheni kila kipande juu ya moto kabla ya kukitia sufuriani: tone moja la maji likizama chini ya madini yaliyoyeyuka huyarusha yote usoni.

Suala la mizani tutalifikisha mkutano ujao wa tawi. Mwenye kikombe anachokitilia shaka aje nacho.